Aketiye nyuma ndiye aamue kusimama

Kama umewahi kusimama kwenye njia panda ya Kisian katika wiki ya Krismasi, bila shaka umewaona. Pikipiki inatoka upande wa Kisumu, mume mbele, mke nyuma, mkoba umefungwa kwa mipira, na vumbi la safari ya siku nzima limetanda kwenye viatu vyao. Wengine hupanda mlima kuelekea Maseno na Busia. Wengine hufuata njia ya Bondo na Usenge. Zamani pikipiki ilikuwa ya padri, mwalimu mkuu na afisa wa kilimo. Siku hizi ni chombo cha kazi na cha likizo pia, na wapo mume na mke wengi wanaoona raha kuzunguka ziwa letu kwa magurudumu mawili kuliko kubanana ndani ya matatu.

Sina ugomvi na raha hiyo. Ugomvi wangu ni na jambo moja linalowarudisha baadhi yao kwa daktari kabla likizo haijaanza. Jambo hilo ni joto, na namna mume na mke wanavyogawana uamuzi wakiwa barabarani.

Nitakusimulia kisa kimoja, nikibadilisha mambo madogo madogo ili wahusika wasitambulike. Walikuwa mume na mke wa miaka thelathini na kitu, wakaazi wa Nairobi. Mpango wao ulikuwa wa kupendeza. Wangelala Kisian siku mbili kwa wazazi wa mume, kisha waende Bondo, wateremke hadi Luanda Kotieno na kuvuka kwa feri hadi Mbita. Wangeliona kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga, halafu warejee kupitia Homa Bay na Kendu Bay.

Waliondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa wamevaa sweta mbili kila mmoja na jaketi nzito juu yake. Kwa asubuhi hiyo walifanya vyema, kwani kuna baridi kali kwenye nyanda za juu. Walisimama mara mbili tu, na mara zote mbili ni kutia mafuta. Saa saba mchana walikuwa Ahero, wamekwama nyuma ya foleni ya malori, jua liko utosini, na sweta zile zile zingali mwilini.

Walipofika nyumbani Kisian, mke alishuka akapepesuka. Akamsalimu mama mkwe kwa jina la dada yake mwenyewe. Watu wakacheka wakidhani ni uchovu. Muda mfupi baadaye akatapika, akakaa chini na kuanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Mume akasema ni malaria ya ziwa, akamtuma kijana dukani akanunue dawa. Ni mama mkwe aliyekataa. Alisema, "Huyu mtoto hajalala hapa hata usiku mmoja. Mbu gani amemuuma?" Akaamuru atafutwe mwenye gari.

Aliponifikia, joto la mwili wake lilikuwa zaidi ya digrii 40. Tulimvua jaketi, tukammwagia maji, tukampepea na kumtundikia maji ya mshipa, kisha akapelekwa hospitali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Alikaa wodini siku nne, figo zake zikichunguzwa kila siku, na kwa neema ya Mungu akapona. Likizo iliishia hapo.

Alipokuja baadaye nimwangalie tena, nilimwuliza mara ya mwisho alikunywa maji wapi. Akajibu, "Nakuru, Daktari." Kwa nini? Akatazama chini, kisha akasema, "Ningekunywa, ningejisaidia wapi?" Halafu akaniambia jambo ambalo mumewe, aliyekuwa ameketi kando yake, hakuwa amelisikia hata siku moja. Walipokuwa karibu na Awasi alimgonga mumewe mgongoni mara mbili, akitaka wasimame. Mume alidhani anafurahia safari. Akainua kidole gumba, akaongeza mwendo. Baada ya hapo hakugonga tena. Kule Ahero macho yalikuwa yakifumba yenyewe na mikono yake ilikuwa imelegea kiunoni mwa mume. Angeanguka pale katikati ya malori, nisingepata nafasi ya kumwuliza lolote.

Maoni yangu, ambayo ndiyo sababu ya makala haya, ni kwamba katika safari ya pikipiki kwenye joto, yule anayeketi nyuma ndiye awe na neno la mwisho kuhusu kusimama. Mwendeshaji aamue mwendo, gia na mahali salama pa kuegesha. Lakini mtu wa nyuma akisema tusimame, pikipiki isimame, bila swali na bila kununa.

Najua wako wanaume watakaosema daktari ameingilia mambo ya nyumba za watu. Niwieni radhi, kwani sababu zangu ni za kitabibu.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la takriban digrii 37. Joto likizidi, ngozi hutoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto. Ukiwa kwenye pikipiki inayokwenda, upepo hukausha jasho upesi kiasi kwamba huoni hata tone. Unadhani hutoki jasho, kumbe maji yanakutoka saa baada ya saa. Mtu anayefanya kazi nzito juani aweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa. Wewe uliyeketi kwenye pikipiki hupotezi kiasi hicho, lakini safari ya saa saba bila kunywa yatosha kukuangusha.

Halafu pikipiki inaposimama kwenye foleni, upepo hukatika ghafla. Joto la lami, la injini na la jaketi linakujia kwa pamoja. Na huku kwetu karibu na ziwa hewa ina unyevu mwingi, kwa hivyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Sasa mfikirie mtu wa nyuma. Mgongo wa mwendeshaji humkinga na upepo, kwa hivyo hapati hewa kama mwenzake. Mara nyingi amebeba mkoba mgongoni, nao huzuia joto lisitoke. Hana kazi ya kufanya, kwa hivyo akianza kulegea hakuna anayegundua. Mwendeshaji akizubaa, pikipiki huyumba na wote wawili hushtuka. Mtu wa nyuma akizubaa, hakuna kinachotokea mpaka aanguke. Juu ya hayo, sauti yake haisikiki kupitia helmeti mbili na kelele ya injini.

Sababu nyingine yamhusu mwendeshaji mwenyewe. Joto hupunguza makini na kuharibu uamuzi, na anayeharibikiwa ndiye wa mwisho kujua. Mtu aliyechoka kwa joto hukwambia yuko sawa, kama vile mlevi anavyokwambia hajalewa. Ndiyo maana hafai kuachiwa peke yake uamuzi wa kuendelea.

Yamkini utasema joto la Kisumu si la kutisha. Kipimajoto chetu mchana mwingi husoma digrii 30 au zaidi kidogo, ilhali Ulaya ya kusini wakati wa kiangazi hupita 40 mara nyingine. Ni kweli. Kila Agosti, mume na mke kutoka Ujerumani au Uingereza hupanda pikipiki na kuzuru Ugiriki, Italia na Hispania. Lakini kule watu wameliheshimu jua la mchana tangu zamani. Maduka mengi ya miji midogo hufungwa baada ya chakula cha mchana, na watu hujipumzisha vivulini. Mjini Athens, wakati wa joto kali la Julai 2023 na tena Juni 2024, wenye mamlaka waliyafunga magofu ya Akropoli saa za adhuhuri, ingawa watalii walikuwa wamesafiri mbali kuyaona.

Sisi tuna hatari yetu ambayo kipimajoto hakiisemi. Barabara ya kutoka Nairobi hupanda hadi karibu mita 2,500 juu ya bahari kwenye eneo la Mau Summit, kisha hupitia Kericho na kuporomoka hadi uwanda wa Kano, ambako ziwa liko kwenye mita 1,134 tu. Kwa saa chache unatoka kwenye baridi ya chai hadi kwenye joto la mashamba ya mpunga. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kuzoea joto. Wewe umeupa asubuhi moja, tena ukiwa umeufunika kwa sweta.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni kusimama Kericho na kuvua. Usingoje Ahero. Vua sweta, fungua matundu ya jaketi kama yapo, ubaki na shati la pamba la mikono mirefu chini yake. Usiendeshe ukiwa na mikono wazi, kwani jua litaichoma, na ukianguka lami itaondoa ngozi. Leso iliyoloweshwa maji ukiivaa shingoni hupoza vizuri, mradi ncha zake zisipeperuke hadi kwenye mnyororo.

Kanuni ya pili ni kusimama kila baada ya saa moja, dakika kumi, kivulini, hata kama hakuna anayelalamika. Kila mmoja anywe maji polepole, bilauri moja au mbili, wala si chupa nzima kwa mkupuo. Ukiwa umetoka jasho jingi, kunywa maji yenye chumvi na sukari. Pakiti za ORS za dukani ni bora. Ukizikosa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Bia na chang'aa si maji, na pombe ya jana usiku nayo hukausha mwili wa leo. Mkojo wako ndio kipimo chako. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, uko salama. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa.

Najua swali litakalofuata, "Daktari, tukisimama kila saa tutafika lini?" Hebu tupige hesabu. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350. Safari ya saa saba ikiwa na vituo sita vya dakika kumi huongezeka kwa saa moja. Yule mama alikaa wodini siku nne.

Na mkipenda, gawanyeni safari. Laleni Nakuru au Kericho, mwondoke alfajiri, muwe Kisian kabla ya saa tano asubuhi. Mkifanya mizunguko yenu ya Kit Mikayi, Usenge au Mbita, tokeni mapema na mpumzike adhuhuri. Alasiri nako mwangalie mawingu, maana mvua ya radi ya huku haipigi hodi.

Hapa niguse suala la choo, ambalo kurasa za afya hulikwepa kana kwamba ni aibu. Mwanamume akibanwa husimama nyuma ya mti. Mwanamke hukaza moyo na kuacha kunywa maji. Nimewasikia wanawake wengi wakinieleza hivyo bila hata kuona kuwa wananiambia chanzo cha ugonjwa wao. Wenye vituo vya mafuta na mikahawa ya barabarani, choo safi kisichofungwa kwa kufuli ni huduma ya afya. Serikali za kaunti ambazo barabara hii hupita kwao zingeweka vyoo na vibanda vya kivuli mahali kama Awasi na Ahero, zingeokoa watu ambao hakuna takwimu itakayowahesabu. Hadi siku hiyo ifike, mume apange vituo vya safari kwa kuzingatia choo kabla ya kufikiria mafuta. Tangi la pikipiki laweza kungoja kuliko kibofu cha mkeo.

Kuna wanaohitaji tahadhari zaidi, nao ni wajawazito, wazee, wenye kisukari, na wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Baadhi ya dawa za mafua na za magonjwa ya akili pia hudhoofisha uwezo wa mwili kujipoza. Usiache dawa yako kwa sababu ya safari. Mwone daktari wako kabla ya kuondoka, mkubaliane la kufanya.

Kosa jingine ninaloliona kila msimu wa likizo ni kuvua helmeti kwa sababu ya joto, hasa mtu akishapita Kisumu na kuona nyumbani kumekaribia. Sheria yetu ya trafiki yamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti na jaketi inayong'aa, na sheria hiyo ina maana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dawa ya helmeti yenye joto ni kusimama kivulini, kuivua hapo, kumwagia kichwa maji na kuivaa tena.

Sasa turudi kwenye malaria, maana huku Kisian kila homa hupewa jina hilo. Tuna haki ya kuwa waangalifu. Eneo la ziwa lina malaria nyingi, na si ajabu kwamba Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, ina kituo chake hapa hapa Kisian. Lakini mama mkwe yule alikuwa sahihi kuliko mwanawe. Mbu akikuambukiza leo, vimelea hujificha kwanza kwenye ini, na kwa kawaida homa haitokei kabla ya wiki moja kupita. Homa ya siku ya kuwasili haiwezi kuwa malaria uliyoipata kwenye likizo hiyo. Pima damu hata hivyo, kwani huenda uliambukizwa kwingine, lakini usimeze dawa za kubahatisha huku joto likiendelea kupika ubongo. Na kinyume chake, homa itakayokushika wiki mbili baada ya kurudi Nairobi, mwambie daktari wako kwamba ulilala ziwani. Wewe uliyekulia Nairobi huna kinga ya watu wa huku. Lala ndani ya neti, na kabla ya safari uliza kuhusu dawa za kuzuia malaria.

Neno moja kuhusu ziwa lenyewe. Ukiwa umechomwa na jua siku nzima, maji ya Usenge au Rusinga hukuita uingie. Usiingie. Kwenye ufuo wenye magugu na konokono kuna kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila kukuuliza. Watafiti wamewachunguza waosha magari wa ufuo wa Kisumu kwa miaka mingi na kuona wanatibiwa, wanarudi majini, wanaambukizwa tena. Wewe jimwagie maji ya kisima au ya mfereji kwenye nyumba uliyofikia.

Mwisho, mjue la kufanya mambo yakiharibika. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo. Simameni, ingieni kivulini, mpumzike na kunywa, wala msiendelee siku hiyo. Mtu akianza kusema ovyo, kupepesuka, kuzirai au kutupa mikono na miguu, huyo amepatwa na kiharusi cha joto, na kila dakika ni ya thamani. Usingoje ngozi yake ikauke ndipo uamini, kwani wengine hufikia hali hiyo wakiwa bado wanatoka jasho.

Mvue nguo nzito. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote kilichopo, na uweke vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Anza kumpoza hapo hapo huku mwingine akitafuta gari, na mwendelee kumpoza njiani. Usimnyweshe mtu asiyejitambua, maji yatamwingia mapafuni. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa. Na tafadhali msimbebe kwenye pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili kama tulivyozoea. Hapo hawezi kupozwa, na akianza kutetemeka mtaanguka wote.

Wale wawili walirudi mwaka uliofuata kwa pikipiki ile ile. Waliniambia wamekubaliana ishara. Kugonga bega mara moja ni punguza mwendo, mara mbili ni simama, na mume haruhusiwi kujibu kwa kidole gumba mpaka awe amesimama. Safari hii walilala Kericho, na feri ya Mbita waliipanda.

Kwa hivyo msomaji wangu, kabla ya kuwasha pikipiki yako, kubalianeni ishara yenu mkiwa bado uani. Ukigongwa bega mara mbili, simama. Kawia ufike.